Nilikaa Nikingoja Maji Yajae

Wajukuu zangu, mmenishikilia muda mrefu niwaandikie kazi niliyoifanya Uswidi, na mimi nimekuwa nikikwepa, maana kila nikikumbuka nilivyoianza uso unanishuka. Leo nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Nasra amewatangazia wenzake wa mtaa wa Sparkhill kuwa babu yake alikuwa nahodha. Uongo huo sikuusema mimi, ingawa nakiri sikuukanusha. Ya pili ni mama yenu. Jumapili iliyopita lifti ya jengo langu hapa Ladywood, Birmingham, iligoma tena, akapanda ngazi zote na mifuko ya nyama na mchele mikononi, akajitupa kwenye kochi akihema, akanitazama kwa jicho lile lile la marehemu bibi yenu.

"Baba, this is the last time," akasema. "Ikiharibika tena unahamia kwangu. Chumba cha chini kipo, ngazi hakuna, and I'm not arguing."

Jibu langu ni refu, na linapitia kwa mzee mmoja wa Kiswidi aliyeitwa Gunnar, kwa hiyo wekeni simu chini kidogo.

Sikuwa nahodha. Nilikuwa fundi wa magati, yale madogo ya mbao ambayo nyumba za pwani kule huwa nayo kwa ajili ya mashua zao. Na hata ufundi huo niliuingia kwa mdomo. Nilikwenda kwa dada yangu aliyeolewa kaskazini, sehemu ambayo wenyewe wanaiita Pwani ya Juu, nikiwa na cheti cha useremala kutoka Tanga na jaketi moja ambalo muuza mitumba aliniapia kuwa ni la baridi kali. Mzee Gunnar alikuwa anatafuta msaidizi. Akaniuliza kama naijua bahari. Nikacheka kwa dharau kidogo, nikamwambia mimi mtoto wa Tanga, bahari niliijua kabla sijajua kutembea. Akaitikia kwa kichwa, akasema tuanze kesho. Watu wa kule hawakuulizi swali la pili, wanakuacha uumbuke mwenyewe.

Kesho yake tulipakia mawe na magogo kwenye tishari, lile bapa la kubebea vifaa, tukaenda kwenye ghuba moja ndogo yenye misonobari mpaka ukingoni. Gunnar akaniachia usukani ili nilisogeze ufukweni. Nililisogeza kweli kweli, mpaka likapanda juu ya tope na kukwama. Sikushtuka hata kidogo. Kwetu chombo kikikwama hukisukumi, unangoja maji. Nikamwambia Gunnar, kwa Kiswidi cha miezi michache na mikono mingi, asiwe na wasiwasi, maji yatajaa. Kisha nikakaa juu ya magogo, nikatoa chupa yangu ya chai.

Gunnar alinitazama, akaitazama bahari, akakaa na yeye. Nilimmiminia chai, akapokea. Tukakaa. Korongo walipita juu wakielekea kaskazini, na bata wa baharini walikuwa wamejipanga kwenye mwamba wakituangalia sisi. Katikati aliniuliza kwa adabu itachukua muda gani, nami nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba ni saa sita hivi. Akatoa mkate wake na jibini, akanimegea nusu.

Sasa, jambo ambalo mimi sikulijua, na ambalo mtoto wa chekechea wa kule analijua, ni kwamba bahari ile haijai wala haipwi. Imezungukwa na nchi, mlango wake ni mwembamba, na mwezi hauiwezi. Maji yake hupanda na kushuka kwa upepo na kwa uzito wa hewa tu, siku yatakayo, bila saa maalumu. Gunnar alikuwa amezaliwa pale. Hajawahi kuona maji yakijaa kwa saa katika maisha yake. Lakini alifikiri mgeni ametoka mbali, huenda ana lake analolijua, na si uungwana kumkatiza.

Jua lilipoanza kulala alisimama, akajipukuta makombo ya mkate.

"Bakari," akasema, "nimeishi hapa miaka yangu yote na sijawahi kuyaona hayo maji unayoyasema. Lakini nimefurahi kukaa."

Tukaingia majini mpaka mapajani tukalisukuma tishari. Baridi ya maji yale sitawaelezea, maana kuna sehemu za mwili wangu ambazo nadhani mpaka leo hazijarudi sawasawa. Nilingoja anifukuze kazi. Aliniambia tu nije kesho na viatu virefu.

Mngedhani baada ya hapo nilifunga mdomo. Wapi. Wiki hiyo hiyo niliyaonja maji ya bahari, nikayatema, nikamtangazia kila mtu gatini kwamba bahari yao imesahauliwa chumvi. Ni kweli ina chumvi kidogo sana, mito mingi inaingia mle, kiasi kwamba samaki wa mtoni na samaki wa baharini wanaishi pamoja kama wapangaji wa nyumba moja. Lakini watu wenyewe walikuwa wanalijua hilo tangu zamani, hawakuwa wananisubiri mimi nitoke Tanga kuja kuwaambia.

Halafu nikaona banda la mashua la babu yake Gunnar. Lilikuwa msituni. Limezungukwa na miti, mlango wake mkubwa unaelekea kwenye vichaka vya matunda madogo ya buluu, na bahari iko mbali huko chini, unaiona kwa kuchungulia. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema ukoo huu una walakini, mtu gani anajenga banda la mashua porini. Siku nilipopata ujasiri wa kuuliza, Gunnar alinieleza taratibu. Zamani sana mlima wa barafu uliikalia nchi ile ukaididimiza. Barafu ikayeyuka, na nchi mpaka leo inainuka, kama godoro la sponji mtu mnene akishanyanyuka. Inainuka karibu unene wa penseli kila mwaka. Babu yake alilijenga banda lile majini. Bahari ndiyo iliyohama.

Kwa hiyo kazi yetu haikuisha. Baba anajenga gati, mwanawe analirefusha, mjukuu anajenga jipya mbele zaidi, na wote wanayafukuza maji yanayoondoka kidogo kidogo. Mimi niliyetoka mahali ambapo bahari inakula ufukwe na kubomoa kuta za watu, nilipata taabu kuizoea bahari inayokukimbia.

Niwape na ufundi kidogo, msije mkasema babu alikuwa anapiga soga tu. Gati la kwanza nililoachiwa nilijenge mwenyewe nilichimbia nguzo kwenye tope, ndefu na imara, kama boriti za mikoko za kwetu. Lilipendeza. Nikapiga picha, nikamtumia bibi yenu. Majira ya baridi yakaja, bahari ikaganda, na barafu ikazikumbatia nguzo zangu. Upepo ulipobadilika, maji ya chini yakapanda, yakaiinua barafu, nayo barafu ikang'oa nguzo kidogo. Maji yakishuka, tope limeshaziba shimo, nguzo hairudi. Hivyo hivyo kila upepo ukigeuka. Barafu ilipoyeyuka gati langu lilikuwa limekaa kama meno yangu ya sasa, moja juu, moja chini, na mengine hayapo.

Dawa yake ni kutochimbia kitu. Unajenga sanduku kubwa la magogo yaliyokatwa pembe zikaumana, unaliteremsha majini, unalijaza mawe, makubwa chini na madogo juu, na ubavu unaoikabili bahari unauinamisha ili barafu ipande na kuvunjika badala ya kusukuma. Usikaze misumari kama una hasira nayo, mbao inataka kupumua. Na ukitembea juu ya barafu, vaa shingoni vile vishikio viwili vyenye ncha za chuma, vya kujivutia ukizama. Barafu mpya hulia na kupinda ikikuonya. Ya mwisho wa msimu imekuwa ya kijivu na imenyamaza, hiyo ndiyo ya kuogopa. Haya yote nilikuwa namweleza shemeji yangu, mume wa dada, kwa ishara na majigambo, nikirudi kinyumenyume ili anione vizuri, nilipozama. Vishikio nilikuwa nimeviacha nyumbani kwenye msumari. Shemeji alinivuta kwa skafu yangu, ile aliyonifumia bibi yenu kwa mkono wake, na kwa miaka mingi kila Idi alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kabla chakula hakijapoa.

Ramadhani ikiangukia kiangazi ilikuwa kasheshe nyingine. Kule jua la kiangazi linachungulia chini kidogo tu, kisha linarudi kama limesahau kitu. Nilipiga simu huku na huko kuuliza tufungue saa ngapi. Gunnar hakuwa mtu wa dini, lakini mwezi mzima alikunywa kahawa yake nyuma ya banda ili nisiione, na moshi wa kahawa ukanisaliti kila siku. Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe sikumwambia, kule wanaume hawaambiani.

Basi nifike kwenye jambo lenyewe. Miaka ikaenda, mkewe Gunnar akafariki, magoti yake yakakataa, akaacha kazi nikabaki nayo mimi. Na gati lake mwenyewe, fundi wa magati wa pwani nzima, lilikuwa limeachwa na maji. Liliishia kwenye matete. Kila alipotaka kwenda baharini alikuwa anatambaa kwenye tope akishika matete, na siku moja mwanawe, Anders, aliyekuwa akiishi Stockholm, alimkuta ameanguka hapo hawezi kuinuka. Amelowa, ametulia tu, anatazama ndege.

Anders hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa ameogopa. Alikaa na baba yake jikoni nami nikiwapo, akamwambia kwamba majira ya baridi yakiisha atakuja, na kama baba yake hawezi kuingia mwenyewe kwenye mashua kutoka kwenye gati lake, bila kushikwa na mtu, basi atahamia mjini kwenye fleti aliyomtafutia. Gunnar alikubali bila kubisha. Anders alipoondoka, mzee akanigeukia.

"Nijengee," akasema.

Nilijenga magati mengi maishani mwangu, lakini hilo moja ndilo lililonikosesha usingizi. Mzee yule bila bahari nilikuwa najua atakavyokuwa. Angekaa kwenye fleti safi yenye joto, akanyauka. Vuli nzima nilibeba mawe, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akinielekeza lipi liende wapi, na likikaa vibaya ananiambia nilitoe. Mwishoni mwa gati nikasimamisha kiguzo cha kushikia, nikakipima kwenye nyonga yake. Alikipapasa tu.

Baridi ikaja. Kila Ijumaa nilishuka kuliangalia sanduku langu la mawe. Barafu ilikuwa inalisukuma, inapanda ubavuni, inavunjika kwa kishindo, na mimi nasimama pale nasoma kila dua ninayoijua. Barafu ilipoondoka, gati lilikuwa limesimama palepale, halijasogea hata kidogo. Nilitembea kijijini siku nzima nikiwa nimevimba kichwa. Nilinunua hata keki.

Anders akaja Jumamosi. Siku ilikuwa nzuri mno, jua, mbingu safi, hali iliyodumu wiki nzima. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Hewa nzito ya siku nzuri kama zile huikandamiza bahari, na upepo ulikuwa unatoka nchi kavu ukiyasukuma maji yaende. Tuliposhuka, gati langu lilikuwa limesimama kwa fahari juu ya tope. Mashua imelalia ubavu, kamba imelegea, na bata wanatembea mahali ambapo wangepaswa kuogelea.

Anders alisimama mwisho wa gati akitazama chini. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba, tulikubaliana," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze, ingawa ardhi ya kule kazi yake ni kuinuka. Gunnar akasogea pole pole, akaipindua ndoo yake, akakaa.

"Maji yatajaa," akasema. "Muulize Bakari. Yeye ni mtu wa pwani."

Alinitazama bila kucheka. Anders alikuwa amezaliwa katika nyumba ile, anajua kama wote kwamba pale maji hayajai. Alifungua mdomo kusema hivyo hivyo, na baba yake akamwambia neno moja tu, akae. Mimi nikaenda kwenye gari nikaleta chupa ya chai. Nilikuwa na uhakika mzee ananifanyia mzaha wa mwisho, wa kuagana, na kama ndivyo ilikuwa haki yake.

Tukakaa watatu. Tulikula keki yangu ya kujipongeza. Anders alikuwa anaangalia saa, kisha anaangalia simu, kisha saa tena. Baadaye sana nikaona matete yameanza kuinamia upande mwingine. Kusini kulikuwa na mstari wa mawingu ambao asubuhi haukuwapo. Tope likaanza kung'aa. Nyayo za bata zikajaa maji moja moja, zile za mbali kwanza, kisha za karibu, na mashua ikajitikisa kama mtu anayegeuka usingizini. Anders akaacha kuangalia saa. Mvua nyepesi ilianza, na hakuna aliyeinuka kuikimbia.

Mashua ilipokuwa imesimama wima Gunnar aliinuka. Alitembea mpaka mwisho wa gati, akashika kile kiguzo, akateremsha mguu mmoja, akatulia, akateremsha wa pili. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka kumdaka, nikaifunga nyuma ya mgongo. Akafungua kamba mwenyewe, akapiga makasia, akazunguka mwamba tukawa hatumwoni.

"Ulijua?" Anders akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Wajukuu zangu, sikuwa najua lolote. Nilikaa pale kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Jioni, nikimkaushia mzee viatu jikoni kwake, ndipo nilipoiona barometa yake ukutani, ile kama saa inayoonyesha uzito wa hewa, na mshale wake umeanguka chini kabisa. Kila asubuhi ya maisha yake alikuwa akiigonga kioo kwa kidole kabla ya kahawa. Nimefanya naye kazi miaka yote ile, nimemwona akiigonga mamia ya mara, na nilidhani ni mazoea tu ya kizee. Nikamwuliza, na kama upepo usingegeuka? Akasema tungekunywa chai zaidi.

Anders alirudi Stockholm peke yake. Mzee akabaki na bahari yake miaka mingine kadhaa. Kisha asubuhi moja ya vuli akapiga simu mwenyewe, akamwambia mwanawe aje na gari kubwa. Nilishuka mbio kumwuliza kumetokea nini, maana gati lilikuwa imara na maji yapo.

"Jana nilikaa nikingoja maji," akaniambia, "nikagundua hata yakijaa sina ninapotaka kwenda."

Alihama akitembea kwa miguu yake, akaniachia ile barometa. Nililia ndani ya gari kama mtoto.

Nilipohamia huku nilikuja nayo, na sasa imetundikwa hapa kwangu, jirani na kalenda ya msikiti, na mimi naigonga kila asubuhi ingawa kwa Birmingham haina maana, jibu lake mara nyingi ni mvua. Kisha nashuka mpaka kwenye mfereji. Maji yale hayajai, hayapwi, hayana chumvi na hayaendi popote, na bado nakagua kamba za boti za watu kama nimeajiriwa. Juzi nilimwambia jamaa mmoja mwenye boti nyekundu kwamba amefunga kamba kwa kukaza mno, maji yakishuka itamtesa. Akaniambia, na "bab" ni neno lao la hapa la kumwita mtu kwa upole, "Cheers, bab, it's been fine since nineteen-eighty-odd." Nasra alikuwa na mimi, akaona haya, akaninong'oneza, "Babu, it's a canal." Nilijua. Lakini kesho yake nilipopita kamba ilikuwa imelegezwa kidogo, na jamaa aliniita ndani akanipa kahawa.

Kwa hiyo mwambieni mama yenu hivi. Siku nitakayokaa hapa nikagundua sina ninapotaka kwenda, nitampigia simu mwenyewe, aje na gari, na nitashuka kwa miguu yangu bila kununa, nikae katika hicho chumba chake cha chini. Siku hiyo bado. Lifti ikigoma tena, asipande na mifuko akajiua kwa ngazi. Anipigie, nitashuka nimkute pale chini, pole pole, nikishika ukuta, na chupa ya chai nitakuja nayo mimi. Tutakaa kwenye zile ngazi za mlangoni tungoje. Akiniuliza itachukua muda gani nitamwambia saa sita hivi.

Lifti itakuja.